Nyonga Hula Inchi

Jumatatu, 14 Januari 1974

Leo nimepigwa neno na wifi. Naandika kabla halijapoa.

Nilikwenda kwa Naila, dada wa mume wangu, kuchukua kitambaa cha kanzu. Mwanawe Farouk anaoa Jumapili ya tarehe ishirini na saba, na kanzu ya bwana arusi nashona mimi. Kanzu zote za Waswahili wa hapa Nateete, Kampala, nashona mimi, kwa cherehani aliyoniachia marehemu mama. Naila akaniangalia kuanzia kilemba hadi kandambili. Akauliza siku hiyo nitavaa nini. Nikamwambia busuuti yangu ya kijani, lile gauni refu la Kiganda la mshipi kiunoni. Akacheka hadi akashika mlango. "Wifi," akasema, "wewe busuuti huvai. Wewe unafungashwa."

Wanawake waliokuwa wanachambua mchele wakainamisha vichwa. Mabega yao yalikuwa yanatikisika.

Naila ni mrefu kama mlingoti wa bendera, na umbo ni lilelile. Nguo yoyote ikitundikwa juu yake inakaa. Mimi Mwenyezi Mungu aliniumba futi nne na inchi kumi, halafu akaona udongo umebaki, akauweka wote nyongani. Silalamiki. Alhamdulillahi. Ila wenye viwanda vya nguo hawakupewa habari.

Kutoka hapo nikapitia maduka ya mjini, kwa hasira. Gauni linalopita nyonga, mabega yake yananifikia kwenye viwiko na chini linafagia barabara. Gauni la urefu wangu liko upande wa watoto, lina sungura kifuani, na kupita hapa chini halipiti hata kwa dua. Duka la tatu muuzaji alinishauri nivae pazia. Hakuwa anatania. Alikuwa na mapazia.

Mtu atasema, Mama Habib, si una cherehani, jishonee. Kwanza, kitambaa. Tangu Wahindi waondoke mwaka juzi, kitambaa cha maana kinatafutwa kama dawa. Pili, mimi ni fundi wa kanzu. Kanzu haina kiuno. Inashuka tu, kama mvua.

Nimeswali Alasiri na kumwomba Mungu anifungulie njia. Nimemwomba aifungue kabla ya tarehe ishirini na saba.

Jumatano, 16 Januari

Njia imefunguka. Iko nyuma ya duka la Sajenti Otema.

Sajenti Otema ni polisi wa kutoka kaskazini, mtu mpole. Alipewa duka la nguo lililoachwa na Mhindi. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kukagua leseni za baiskeli. Bidhaa amezipanga kwa rangi. Vyekundu pamoja: sidiria nyekundu, ndoo nyekundu, kofia za Krismasi. Nikamwomba gauni la mtu mfupi mwenye nyonga. Akafikiri sana. "Mama," akasema, "nunua ile kubwa. Utapata kitambaa mingi."

Nikamwambia, Afande, hebu nione huko nyuma. Huko nyuma nikakuta maboksi manne yamefunikwa magunia kama pombe ya kimagendo. Akanishika mkono kunizuia. Kisha akaona ni mimi tu, akafungua.

Magauni mafupi! Ya Ulaya, mapya, yenye maua na vifungo vinavyong'aa. Yale yale yaliyopigwa marufuku mwaka juzi, kwamba gauni lisipande juu ya goti zaidi ya inchi kadhaa, na kila askari ana inchi zake. Maskini Otema hajui ayafanye nini. Akiyauza atafungwa. Akiyachoma, ataulizwa anachoma nini.

Nikachukua moja la buluu, nikaliweka mabegani mbele ya kioo, juu ya busuuti yangu. Nikatazama chini.

Pindo lilikuwa vidole vinne chini ya goti langu.

Nikalipima kwa utepe. Nikalipima tena kwa Bismillahi. Vidole vinne. Ndipo nilipoielewa hekima ya Mungu ya kuumba wafupi. Gauni ambalo kwa mwanamke mrefu ni kosa la jinai, kwangu mimi ni vazi la kwendea maulidi. Sheria haipimi nguo. Sheria inapima goti. Na Kampala imejaa wanawake wafupi wenye nyonga wanaovaa mapazia.

(Kama daftari hili linasomwa na mtu wa Serikali: sheria hiyo naiunga mkono, na goti langu halijawahi kuona jua.)

Otema hataki shilingi. Siku hizi shilingi utainunulia nini? Anataka cherehani, kwa sababu mkewe Concy anamsumbua. Magauni arobaini kwa cherehani moja. Nikasita. Cherehani ya mama. Kanzu ya Farouk bado kitambaa. Halafu nikajiona kwenye kioo na lile la buluu.

Tumekubaliana hivi. Nikimletea nusu gunia la sukari, cherehani yangu ananirudishia. Wateja wangu watanilipa sukari, kilo mbili gauni. Wiki moja itatosha. Kanzu nitaishona siku mbili, kama kawaida yangu. Hesabu haina tundu.

Mume wangu Mwalimu, anayefundisha madrasa katika sebule yetu, nimemwambia cherehani imekwenda kutiwa mafuta. Si uongo kamili. Nilimwomba Otema aitie.

Alhamisi, 17 Januari

Magauni yamefika kwa mkokoteni. Nimeyaficha uvunguni, chini ya misahafu mikuukuu. Hakuna askari atakayefunua hapo.

Jirani yangu Pélagie ameyaona yakiingia. Pélagie ni Mzaire, anauza vitenge soko la Nateete. Ni mfupi kama mimi, na nyonga zake humtangulia kusalimia watu. Tofauti yetu ni kwamba yeye kila alichovaa kinamkaa kama ngozi ya embe. Sijui kwa nini. Nadhani ni Ukatoliki.

Nikamweleza mpango wote, maana furaha haifichiki. Akaniuliza swali moja. Umelivaa? Nikamjibu kwamba mwanamke wa heshima havui nguo katika duka la polisi. Akasema, haya, hapa nyumbani je? Nikamwambia biashara ni biashara, gauni likivaliwa linakuwa kuukuu. Akatikisa kichwa. "Mama Habib, mbele ni mlango tu. Nyuma ndiyo nyumba. Pima nyuma."

Wivu. Wazaire wanapenda mafumbo wakiona mwenzao anaendelea.

Jumamosi, 19 Januari

Saba yamekwenda! Saba kwa asubuhi moja!

Nilipeleka habari msibani mtaa wa pili, baada ya dua. Wanawake wafupi walinifuata kama vifaranga. Chumbani kwangu hapakuwa na nafasi ya kuvaa, na sebuleni watoto walikuwa wanasoma Yasini kwa sauti, kwa hiyo kila mmoja aliweka gauni mabegani juu ya nguo zake, nami nikapima mbele. Vidole vinne. Vidole vitatu. Vidole vinne na nusu. Mmoja alitokwa machozi. Miaka minane, alisema, hajapata nguo isiyomfanya aulizwe ana mimba ya nani.

Anena ndiye aliyenifurahisha zaidi. Ni karani wa ofisi, anakaa flati za Bugolobi, alikuja na dada yake Akwero. Futi nne na kumi na moja, kiuno cha nyigu, na chini yake Mungu hakubana mkono. Amechukua la rangi ya machungwa. Atalivaa Jumatatu kazini. Nikamwambia akiulizwa amelipata wapi, aseme kwa Mama Habib.

Sukari kilo kumi na nne ndani ya ndoo. Nimeifunika kwa sinia na juu ya sinia nimeweka tasbihi.

Pélagie alipita dirishani, akatazama, akaendelea na safari yake bila neno. Neno ninalo mimi: roho mbaya haishonewi.

Jumatatu, 21 Januari

Anena aliulizwa amelipata wapi. Akasema kwa Mama Habib.

Ilikuwa hivi. Asubuhi akiwa anakwenda kazini alisimamishwa na askari mwenye rula. Rula ya shule, ya mbao, nyuma imeandikwa jina la mtoto na darasa la nne. Askari akachuchumaa, akapima mbele, akaridhika. Akamwambia, endelea, mama, wewe ni mfano mzuri. Anena akashukuru, akageuka aende zake.

Hapo alipogeuka ndipo kosa lilipoonekana. Askari alimwita tena, akapima nyuma. Akasema rula haikutosha.

Amekaa kituoni mpaka saa saba, mgongo ukutani, hadi Akwero alipomletea kanga. Binti mwingine aliyekamatwa pamoja naye alipandishwa kwenye Land Rover. Anena hakuuliza inakwenda wapi. Mimi nami nimeshaandika zaidi ya nilivyotaka.

Amekuja hapa jioni, gauni mkononi. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliliweka juu ya mkeka akasema, "Mama Habib, wewe ni mtu wa swala. Nilikuamini." Kisha akachukua kilo zake mbili. Kabla ya Magharibi wengine watano walikuwa wamerudi. Wa saba hajarudi kwa sababu bado hajatoka nyumbani.

Nilifunga mlango nikavaa lile la buluu. Kupita nyonga lilipita, kwa jasho na Ayatul Kursiyyu. Mbele, vidole vinne chini ya goti, heshima tupu. Nikageuka, nikashika kioo kidogo cha Mwalimu cha kunyolea.

Astaghfirullah.

Sasa nimeelewa, na naandika ili wengine wafaidike. Nyonga hula inchi. Kitambaa kinachotakiwa kishuke, nyuma kinapanda mlima kwanza. Nguvu zake zote zinaishia juu. Kikifika upande wa pili kimechoka, hakina tena cha kufunika. Kwa mwanamke bapa kama Naila hakuna mlima, kwa hiyo wenye viwanda hawakuwahi kuambiwa.

Dawa yake ni ndogo. Kupasua ubavuni, kuongeza kitambaa, kushusha pindo la nyuma. Kwa cherehani ni kazi ya saa moja.

Kwa cherehani.

Jumanne, 22 Januari

Nimekwenda kwa Otema. Cherehani ya mama iko dirishani, pamoja na vitu vyeusi: viatu vyeusi, mwavuli, sufuria iliyoungua.

Concy aliijaribu siku moja tu. Sindano ikamwingia kidoleni, sasa hataki hata kuiona. Nikafurahi. Nikamwambia, basi, Afande, niazime siku tatu. Akasikitika kweli. "Mama, duka iko na sheria moja. Kitu ikiingia, inatoka kwa bei. Juzi mimi mwenyewe nilitaka soksi. Nilijiuzia."

Nikamrudishia magauni. Hataki kuyaona. Nikamwambia basi niruhusu nikae humo dirishani nishone humo humo. Akawaza mpaka jasho likamtoka. Akasema mtu akikaa dirishani lazima naye awe na bei.

Sukari iliyobaki ni kilo mbili. Nusu gunia ni mbali kama Makka.

Jumatano, 23 Januari

Mwalimu ameuliza habari ya cherehani. Nimemwambia mafuta yake yanatoka Mombasa. Akasema, "Hajara, kanzu ni Jumapili." Ananiita Hajara akiwa na wasiwasi tu.

Nimefunga leo, kafara.

Alhamisi, 24 Januari

Nilipata wazo katika sijda. Najua si mahali pake, lakini ndipo lilipokuja.

Kama pindo linapanda, lipewe mzigo! Nilikwenda kwenye kifusi cha msikiti unaojengwa, nikachukua kokoto za saizi ya maharage. Nimenuia kuzirudisha. Nikazishonea kwa mkono ndani ya pindo la nyuma la gauni la buluu, moja baada ya nyingine, kama tasbihi. Kitambaa kikashuka. Nikageuza kioo. Vidole viwili chini ya goti, mbele na nyuma! Nikasema kumbe cherehani ya nini.

Ili jaribio liwe la haki, sikujifunga kanga juu. Kilemba, gauni, Bismillahi, barabarani.

Hatua kumi za mwanzo zilikuwa nzuri sana. Nilijiona nina shingo. Muuza ndizi aliniamkia kwa heshima ambayo hajapata kunipa. Ila kokoto zikaanza kugongana. Nikitembea polepole zinalia kama mbuzi mwenye kengele. Nikitembea haraka zinanipiga kwenye vigimbi. Nilipofika karibu na stendi, watu wote walikuwa wananitazama, na miongoni mwao askari watatu.

Koplo wao akasikiliza pindo langu. Akauliza nini hiyo inalia. Nikasema ni gauni. Akasema gauni hazilii. Akawaambia wenzake hii ni dhahabu ya Zaire, mama mnene anapitisha dhahabu kwa magendo. Kwa dhahabu mtu harudi nyumbani. Nikasoma shahada, polepole, nisikosee hata herufi.

Wakapasua pindo kwa bayoneti. Kokoto zikamwagika barabarani, tap, tap, tap.

Koplo akaokota moja, akaiuma. Akauliza mwanamke mzima anabebea nini kokoto ndani ya nguo. Nikasema ni za msikiti. Hilo likamchanganya zaidi. Alisimama pale akitafuta sheria ya kokoto. Hakuna sheria ya kokoto. Mwisho akazikusanya zote kama ushahidi, akaniambia niondoke kabla hajaikumbuka.

Bila kokoto, pindo lilirudi mlimani. Nilirudi nyumbani ubavuubavu kama kaa, mgongo kwenye kuta, nusu saa nzima. Na kwenye kona ya mwisho, nani amesimama? Wifi yangu Naila, na wanawake wawili.

"Wifi," akasema, "leo naona mzigo umefunguka kamba."

Ijumaa, 25 Januari

Nililia juu ya mswala baada ya Alfajiri. Pélagie akasikia kupitia ukutani, akaja. Nikamweleza yote, kokoto pia. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanifuta uso kwa ncha ya kitenge chake. Akaniambia nimpeleke kwa huyo sajenti.

Bei yake aliitaja njiani. Magauni yote yawe yake. Mimi nitayashona atakavyosema yeye. Yeye ataikomboa cherehani, na cherehani itabaki yangu. Nikamuuliza ataikomboa kwa kitu gani, sukari hana. Akaongeza mwendo.

Dukani hakutazama cherehani wala Otema. Alitazama rafu. Akasema, "Afande, manjano yako imekwisha." Kweli. Rafu ya vitu vya manjano ilikuwa na limau moja la plastiki. Otema akasema hiyo ndiyo inamnyima usingizi, rafu tupu inaonekana vibaya, wakija wakaguzi watasema ameiba. Pélagie akafungua furushi. Vitenge sita, vyote manjano.

Cherehani ilikuwa mkokotenini kabla ya adhana ya Ijumaa.

Mwalimu alipoiona akapitisha kidole juu yake. Akasema hayo mafuta ya Mombasa hayaonekani. Nikasema ni mafuta mazuri, yanaingia ndani.

Jumamosi, 26 Januari

Tangu jana hatujapumzika. Pélagie anakata, mimi nashona. Aliwaita wale wale walionirudishia, Anena wa kwanza. Sijui aliwaambia nini. Anampima mtu akiwa amevaa. Anampima amesimama, ameketi, ameinama kama anafagia. Kisha anaupasua ubavu kutoka kwapani hadi chini, anatia kipande cha kitenge cha pembetatu, chembamba juu, kipana nyongani. Chini anazungushia ukanda wa kitenge, mbele vidole vitatu, nyuma kiganja kizima. "Nyuma ndiyo nyumba," anasema kila mara, kwa sauti, ili nisikie.

Anena alilivaa la machungwa. Akatembea. Akaketi. Akainama kuokota pini ambayo haikuwepo. Halikupanda. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu bila kucheka, kama mtu anayemtambua ndugu yake katika umati.

Magauni kumi na mbili kwa siku mbili. Mikono yangu inakwenda yenyewe: kiuno, nyonga, pindo. Kiuno, nyonga, pindo. Kanzu ya Farouk nimeianza saa nane na kuimaliza saa kumi na moja, bila hata kuitazama. Uzoefu ni mali.

Jumapili, 27 Januari

Arusi imepita. Naandika yote, ya utamu na ya uchungu.

Pélagie alinibakizia lile la buluu. Alilitengeneza mwenyewe, kitenge cha manjano ubavuni. Nilipoingia kwa Naila wanawake waligeuka kunitazama. Mara hii mabega hayakutikisika. Wafupi wenzangu saba walikuwa wamekaa mstari mmoja, kila mmoja na kiuno chake mahali kiuno kinapokaa. Warefu walikuwa wanatuchungulia. Naila akanijia. Akashika mkono wa gauni, akanizungusha, akatazama nyuma kwa makusudi. Alitafuta neno. Nililiona linapanda na kushuka kooni.

"Wifi," akasema, "leo umevaa."

Miaka ishirini na tatu nimelisubiri. Ningekufa hapo ningekufa nimeridhika.

Halafu akaingia bwana arusi.

Mikono yangu ilikuwa imeshazoea. Kanzu ya Farouk ina kiuno. Ina kiuno cha nyigu, inapanuka nyongani na kushuka kwa mzunguko, na nyuma nimeiongezea kiganja kizima. Alitembea hatua mbili ikamchezea. Shehe alimtazama, akatazama chini, akaomba aletewe joho. Joho halikupatikana. Ndoa ikafungwa hivyo hivyo, na mashahidi wakatazama dari.

Naila hajasema neno na mimi tangu hapo. Ila kwa Pélagie amekwenda, ameagiza mawili. Vijana wengine wawili wameniuliza pembeni kama nashona kanzu nyingine kama ile.

Ijumaa, 1 Februari

Pélagie ameuza magauni yote yaliyobaki. Mke wa meja fulani alichukua matatu, na Anena anakusanya maagizo pale Bugolobi. Pélagie sasa amenunua cherehani yake mwenyewe. Mimi amenipa kitenge kimoja na ushauri: nikae na kazi yangu, nipime kabla ya kuuza.

Ushauri nimeupokea. Nimekaa nao siku tano nzima.

Leo asubuhi nilipita kwa Otema, kumjulia hali tu. Nimekuta ana haraka. Rafu ya vitu vyeusi imejaa kupita kiasi, alisema, anataka kuipunguza leo leo, kabla ya jioni. Maboksi mawili. Akafungua.

Mawigi! Mawigi ya Ulaya, makubwa, yaliyojaa juu kama mkate ulioumuka! Nikaona mwanga. Tumekuwa tunapigana na pindo chini, kumbe ufupi unatibiwa juu. Kila wigi ni inchi nne. Mwanamke wa futi nne na kumi anakuwa futi tano na inchi mbili, nyonga zinapata uwiano, gauni linapata mtu. Tena mtu hamwonyeshi yeyote nywele zake, anaonyesha za mwingine. Mbele ya dini ni karibu na kilemba. Sikulijaribu hata moja, bila shaka. Mwanamke wa heshima havui kilemba katika duka la polisi.

Otema alitaka kitu chepesi kuuzika, nikamletea cherehani. Cherehani itarudi baada ya wiki moja, tumeandikiana. Aliifunga haraka, akanisindikiza hadi mlangoni, akanipa mkono mara mbili. Mtu mwema sana. Nimemwambia Mwalimu imekwenda kutiwa mafuta.

Pélagie amekuja sasa hivi anahema. Anasema sokoni hakuna habari nyingine, kwamba Concy anasambaza kuwa jioni hii redio itasoma amri mpya juu ya mavazi ya wanawake. Aliyaona maboksi, akashika kichwa. Nimemtuliza. Namwonea huruma, wivu ni maradhi. Sheria hii tunaijua, tumekaa nayo mwaka wa pili sasa. Kazi yake ni magoti. Na mawigi yangu nimeyapima mwenyewe, kwa utepe, mbele na nyuma: yako futi tatu juu ya goti lolote.